Goti la Baba Mkwe kwenye Mkutano wa Fizikia

Ni mimi niliyesema kuwa ule ulikuwa mkutano wa waganga. Naiandika sentensi hiyo kwanza, kabla sijapata nafasi ya kujipamba, kwa sababu kwa miaka mingi nimeikana kila nilipoulizwa, nimeikana kwa Kiswahili, kwa Kinyiramba na kwa Kiingereza, na mwezi uliopita nimeikana hata matangani kwa baba mkwe, watu walipokaa mikekani wakikumbushana vituko vya marehemu na kufika, kama ilivyokuwa lazima wafike, kwenye ile siku mzee alipowapelekea wanafizikia goti lake. Watu wakacheka. Nami nikacheka, tena (Mungu anisamehe) nikawasahihisha pale walipokosea idadi ya mayai. Nikarudi nyumbani nimechoka kuliko siku tuliyozika.

Jina lake sitaliandika. Kwetu mke wa mtu hatamki jina la baba mkwe wake, hasimami mbele yake kichwa wazi, hampi kitu mkono kwa mkono, na zaidi ya shikamoo hasemi naye. Akiwa na neno hulipitisha kwa mama mkwe au kwa mumewe, na jibu hurudi kwa njia hiyohiyo, likiwa limeongezwa chumvi kidogo njiani. Mimi nilikuwa nimesoma chuo kikuu mpaka nikavishwa joho, nikarudi Singida kufundisha shule ya wasichana, lakini mzee akitokea uani nilikuwa natafuta kanga mbio kama binti yeyote wa Nduguti aliyeolewa juzi.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, wakati kila mtu alikuwa ameanza kusema "tukijitawala" lakini vibali vyote vilikuwa bado vinatoka boma. Shuleni kwetu wasichana walifundishwa kushona, kupika keki ambayo hakuna nyumba Singida iliyokuwa na tanuri la kuiokea, na hesabu kidogo. Fizikia hapana. Nilikuwa nawafundisha kwa kuiba, saa za bustani. Tulitengeneza kipimo cha chumvi kwa bua la mtama lililotiwa mchanga chini na kuzibwa kwa nta ya nyuki, tukawa tunashuka ziwani kila wiki kulielesha, na kadiri kiangazi kilivyokausha ziwa na chumvi kuzidi, bua nalo likazidi kuchomoza, na wasichana wakaandika, miezi mitano mfululizo. Siku moja msichana mmoja, Naomi, akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini wavulana wa kule ng'ambo ya barabara wana chumba kizima cha vyombo, sisi tuna cherehani mbili na moja haishoni?" Nikaandika barua. Barua ikaenda kwa mwalimu mkuu, ikaenda kwa afisa elimu wa jimbo, na baada ya muda ikarudi na jibu la kushangaza: kulikuwa na mkutano wa wataalamu wa fizikia Dar es Salaam, nikasome huko kazi yetu ya ziwa dakika kumi na tano, na wataalamu wakiiona ni ya maana basi shule itapewa sanduku la vyombo na fizikia itaingia kwenye ratiba. Wasiporidhika, tuendelee na cherehani.

Sasa tazama balaa. Wiki hiyohiyo mume wangu Eliasi, karani wa boma, alikuwa amepewa likizo yake ya kwanza ya maana, na alikwisha kumwahidi baba yake safari ya kwenda kuiona bahari. Mzee alikuwa na ugomvi wa miaka na wenzake wa Nduguti. Yeye alishikilia kuwa bahari haiwezi kulizidi ziwa la Singida kwa chumvi, na alitaka aionje mwenyewe kwa ulimi wake kabla hajafa. Basi ilikuwa safari ya watu sita: mzee, mama mkwe, Eliasi, mimi na watoto wetu wawili. Na mke wa mwana aliyekwenda pwani na wakwe zake kazi yake inajulikana, ni kupika, kufua na kuwashika mkono watoto wasichukuliwe na maji. Siyo kwenda kukaa siku nzima na wanaume thelathini kuzungumzia mabua.

Mama mkwe aliniuliza tukiwa nyumbani kwetu Mandewa, walikofikia wakwe kusubiri safari, anachagua mchele, "Mama Neema, huo mkutano wako ni wa nini hasa, nimwambie nini baba yako?" Ningeweza kusema fizikia. Ningeweza kueleza kwa dakika tano. Lakini nilikuwa nimetoka kufundisha vipindi saba, mtoto alikuwa analia, na nilimjua mzee: tangu alipoanguka kutoka kwenye mti akirina asali, goti lake la kulia lilikuwa ndilo waziri mkuu wa nyumba. Nikasema, "Ni mkutano wa waganga wakubwa, mama, wametoka ng'ambo. Huenda hata goti la baba..." Sikumaliza, na hakukuwa na haja ya kumaliza. Mama mkwe aliacha mchele, akaenda. Baada ya muda nikamsikia mzee uani akisema kwa sauti ya mtu aliyefunguliwa mlango, "Basi aende! Kwa nini asiende?"

Ndivyo nilivyopata ruhusa.

Tulipanda lori mpaka Itigi na kutoka Itigi treni. Nilisafiri nimeipa njia mgongo, kwa sababu mzee alikaa dirishani na mimi sikuweza kukaa uso kwa uso naye, kwa hiyo nchi yote kuanzia Manyoni hadi Morogoro niliiona ikiondoka. Tulifikia kwa Zakaria, binamu yake Eliasi, aliyefanya kazi reli na kupewa vyumba viwili Ilala. Watu kumi vyumba viwili. Kesho yake tukaenda ufukweni. Mama mkwe aliingiza vidole vya miguu akavitoa, akasema maji yanamvuta nguo kama mdai. Mzee alipandisha kanzu, akachutama kwa shida, akachota kiganja, akaonja, akatema.

"Enhe?" Eliasi akamuuliza.

"Letu lina chumvi zaidi," akasema. Halafu akatazama mbele, kule ambako hakuna ng'ambo, akaongeza polepole, "Lakini hili nalo wamelipa nafasi mno."

Nilimpenda mzee yule siku hiyo. Naandika hivyo ili msije mkadhani nilikuwa namchukia.

Mkutano ulikuwa siku ya tatu, kwenye ukumbi wa shule moja iliyotazama bahari, hatua chache tu kutoka pale tulipoogeshea watoto. Nilipanga vizuri, au nilidhani nimepanga vizuri: nitakwenda mapema, nitarudi alasiri, nitasema waganga walikuwa na shughuli nyingi, wamesema goti lisuguliwe kwa mafuta ya moto. Ningemsugulia mimi? Hapana, mama mkwe angemsugulia. Kila kitu kilikuwa kimefikiriwa, isipokuwa mama mkwe mwenyewe, ambaye tangu siku tuliyofika alikuwa anatwanga na wanawake wa ile mitaa na mdomo wake haukuwa kinuni, ulikuwa kwenye habari za waganga.

Walikuwa wanaume kama thelathini, Wazungu wengi, Wahindi wachache, Waafrika watatu wa vyuoni, na mimi, mwenye mchanga ndani ya viatu. Asubuhi nilisikiliza mambo ambayo nusu yake niliyaelewa na nusu nikayatikisia kichwa. Profesa mmoja alionyesha mashine ya gurudumu la kioo inayorusha cheche, akaiacha mezani mbele. Baada ya chai mwenyekiti, Mzungu mrefu mwenye miwani, akaliita jina langu. Nikasimama na bua langu la mtama. Nikaanza, na sauti haikutetemeka, na nakumbuka wazi profesa mmoja mzee wa mstari wa mbele alitoa kalamu na kuanza kuandika. Dakika nne. Hizo nilizipata, hakuna aliyeninyang'anya.

Kisha mlango wa upande ukafunguliwa, akaingia baba mkwe.

Kanzu nyeupe, koti jeusi la kanisani, fimbo. Nyuma yake wagonjwa saba wa kule Ilala: mama mwenye mtoto anayekohoa, mtu aliyefunga jicho kwa kitambaa, mwanamke mnene mwenye kushika kiuno, na wengine, wamevaa nguo za sikukuu, na mmoja amebeba kikapu cha mayai, maana mtu haendi kwa mganga mikono mitupu. Mbele yao karani wa pale shuleni, mtu mzima wa Tabora, alikuwa akirudi kinyumenyume na kusema, "Wazee, subirini, wazee," na hakuna aliyesubiri.

Mimi nilikuwa nimesimama kichwa wazi mbele ya baba mkwe wangu. Najua mtu aliyesoma angeendelea. Najua. Lakini mwili haukusoma, mwili uliolewa Nduguti. Mkono wangu ukaruka wenyewe ukachukua kitu cha kwanza cha kufunikia kichwa, nacho kilikuwa kile kitambaa cha kufutia ubao, nikajitandia, chaki ikanimwagikia mabegani kama unga, nikageukia ubao na kuendelea kuueleza ubao habari za ziwa. Nilisikia mtu anacheka kwa pua. Nilisikia fimbo ikija, ko, ko, ko, mpaka mbele kabisa.

"Mabwana waganga, hamjambo," mzee akasema. Akavuta kiti, akaketi, akapandisha kanzu na kuweka mguu wake mezani, kando ya ile mashine. "Hiki ndicho chombo chenyewe? Ni la kulia. La kushoto halina neno."

Mwenyekiti akamwita karani atafsiri. Karani akauliza nani amemwambia mzee kuna waganga hapa.

"Mama Neema."

"Mama Neema ni nani?"

Mzee akaninyooshea kidevu, maana naye hakuweza kuniita zaidi ya hapo. Watu wote thelathini wakaangalia kitambaa cha ubao.

Mwenyekiti akaniuliza kwa Kiingereza, taratibu, bila ukali, "Unamfahamu mtu huyu?"

"Namfahamu, bwana."

"Anaitwa nani?"

Jina nililijua, niliandika barua zake zote za kodi. Ila halikuwa na njia ya kutokea mdomoni mwangu na yeye amekaa pale. Nikasema, "Siwezi kusema." Nikachungulia pembeni ya kitambaa, nikaona jinsi wanavyotazamana. Mwanamke anamfahamu mtu ambaye hajui jina lake. Mwenyekiti akavua miwani.

"Je, ni wewe uliyewaambia watu hawa kwamba sisi ni waganga?"

Ingekuwa neno moja. Nikaliona sanduku la vyombo, nikamwona Naomi kando ya ile cherehani isiyoshona, nikamwona yule profesa mzee ameiweka kalamu chini. Nikasema, "Hapana, bwana. Nadhani mzee ameelewa vibaya."

Baba mkwe hakujua Kiingereza. Akamgeukia karani, "Amesema nini?"

Karani alisita. Mtu wa Tabora anajua mkwe ni nini. "Amesema hakusema, mzee. Amesema labda umeelewa vibaya."

Mzee akaliangalia goti lake. Akaliangalia kama mtu anayeangalia ng'ombe aliyedhani ni wake, kumbe si wake. Akashusha mguu, akateremsha kanzu polepole, akainyoosha mikunjo.

"Kama amesema hivyo," akasema, "ni hivyo." Akasimama, akawageukia wenzake. "Jamani, kosa langu. Twendeni."

"Kosa lako!" yule mwanamke mnene akamjia juu. "Nimefunga genge langu tangu asubuhi kwa ajili yako, mzee wa bara! Umetutembeza juani kama mbuzi wa mnada, kumbe hata hujui ulipokwenda?"

"Nimekwisha sema kosa langu, mama."

"Huko kwenu porini hakuna kuuliza?"

"Kupo," mzee akasema. "Leo sikuuliza."

Mwenye mayai hakujua afanye nini na kikapu, akakiweka mezani mbele ya mwenyekiti, akatoka nyuma ya wenzake. Yalikuwa kumi na manane, najua kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuangalia, nikayahesabu. Nilipomaliza kuyahesabu mwenyekiti alitazama saa na kusema kwa bahati mbaya muda wangu umekwisha.

Safari ya kurudi hakuna aliyenitukana. Ingekuwa nafuu. Eliasi aliniuliza mara moja tu, tukiwa kwenye korido ya treni, "Ulisema au hukusema?" Nikajibu, "Mama ndiye aliyechanganya." Ona, ukishasema uongo wa kwanza, wa pili unakuja umeshavaa viatu. Mama mkwe naye akasema, "Mimi nilisema nilichoambiwa, lakini basi, tumeaibika, na bahari tumeiona." Mzee alitazama dirishani mpaka Itigi. Mimi mpaka leo sijapata tena kutumia ugonjwa wa mtu kama ufunguo wa mlango wangu, hata kwa mafua ya watoto. Nikialikwa mahali nisipotaka kwenda nasema sitaki, na nimepoteza marafiki kwa hilo.

Wiki tatu hazikwisha. Mzee alikuja tena Singida, safari hii hospitali ya kweli, akafikia kwetu. Tukasalimiana kama kawaida, nikampikia kama kawaida, nikaweka sahani chini nikaondoka kama kawaida. Kesho yake asubuhi tarishi wa boma akaja: afisa elimu wa jimbo atapiga simu saa nne kutoka Dodoma, mwalimu afike, na yule mzee naye afike. Mtu mmoja wa mkutanoni alikuwa ameandika kwamba mwalimu wa kike kutoka Singida alikusanya wagonjwa kwa ahadi ya uongo, na kwamba mtu wa namna hiyo si wa kukabidhiwa vyombo vya sayansi.

Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele, mimi hatua ishirini nyuma. Eliasi alitupokea kwenye ofisi yake ya ukarani. Mzee akakaa kwenye benchi karibu na mlango. Simu ikalia. Simu za siku zile zilikuwa zinapiga kelele, aliyekuwa Dodoma ulimsikia hata ukiwa uani, na afisa yule alisema Kiswahili, Kiswahili chake cha vitabuni, kila neno limepigwa pasi.

"Mwalimu, kule mkutanoni wameisifu kazi ya ziwa. Profesa mmoja ameomba nakala. Kwa hiyo limebaki swali moja tu. Je, wewe ndiye uliyesema ni mkutano wa waganga?"

Safari hii hakukuwa na Kiingereza cha kujificha. Nilifungua mdomo. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilikuwa nakwenda kusema ndiyo, na huenda ni kweli, lakini mdomo ulikaa wazi muda mrefu sana kwa neno fupi kama lile.

Nikasikia fimbo. Mzee alikuwa amesimama kando ya meza, hanitazami, anaitazama simu. Nikaulaza mkono wa simu mezani, nikarudi nyuma mpaka ukutani. Akauokota. Aliushika juu chini, Eliasi akamgeuzia.

"Nani hapo?" mzee akauliza.

"Ni afisa elimu wa jimbo."

"Una umri gani, bwana?"

"Thelathini na tisa."

"Basi nisalimie."

Eliasi alifumba macho. Kisha kutoka Dodoma, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Uliza sasa."

"Mzee, mke wa mwanao alikwambia kwamba wale ni waganga?"

"Zaidi ya shikamoo, mke wa mwanangu hajapata kuniambia neno lolote tangu aolewe. Muulize mtu yeyote wa Iramba. Mtu asiyesema nami atanidanganyaje?"

"Basi habari ya waganga uliipata wapi?"

"Gotini," mzee akasema. "Wewe bado kijana, hujui. Goti likikuuma miaka tisa, ukiona watu thelathini wenye miwani wamekaa pamoja, unawapelekea." Akapumua. "Sasa nataka kurudi Nduguti kwenye mizinga yangu. Huyu mtu atafundisha au hatafundisha?"

Waya ulikoroma kidogo. Nadhani afisa alikuwa anacheka, au anaandika.

"Atafundisha, mzee. Sanduku litakuja muhula ujao."

Mzee akaulaza mkono wa simu mezani, taratibu, mahali palepale alipouokotea. Akamgeukia mwanawe, si mimi. "Mwambie yule bwana amekubali."

Eliasi akanigeukia. "Baba anasema amekubali."

"Mwambie baba ahsante," nikasema.

"Anasema ahsante, baba."

Mzee akaitika kwa kichwa, akangoja. Alingoja, nasema, ameegemea fimbo yake, kama mtu anayejua kuna neno jingine nyuma ya lile na yuko tayari kulipokea kwa njia yake ya kawaida. Mimi nikatazama sakafu. Na pale mezani, kati yetu, mkono wa simu ulikuwa bado unaita kwa sauti ndogo, "Halo? Mwalimu? Bado upo?"